Foleni ya Mapapai

Baba yangu hakuwa mchoyo. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima ulimwita mkono wa birika, na mimi mwenyewe nimemwita hivyo mara nyingi, mbele yake na nyuma yake. Mchoyo anakunyima. Baba hakutunyima kitu. Alitulisha, tukashiba, tena alisimama mlangoni kuhakikisha sahani zimebaki nyeupe. Shida yake ni kwamba hakuna siku aliyotulisha kitu kingali kizuri.

Mama alikuwa na utani wake juu ya hilo, na aliurudia kila alipopata mgeni wa kumchekea. "Wenzake wakitupa, wanatupa jaani," alisema. "Huyu akitupa, anatupa sisi." Baba naye alicheka, maana kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza stoo wa jiko la hospitali. Siku ya kwanza kazini alikabidhiwa ufunguo na chumba cha kabichi. Mbele kulikuwa na kabichi mpya, kijani, za kupendeza. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mzima wa kabichi zilizooza mpaka zikawa maji, kwa sababu mtu aliyemtangulia kila akipokea mzigo aliuweka mbele, na wapishi wakachukua wa mbele. Baba alizizoa kwa koleo siku tatu. Alisimulia kwamba wiki nzima hakuweza kula kwa sababu ya ile harufu, na kwamba kilichomuuma zaidi ni kuwaza wagonjwa waliolala na wali mtupu huku mboga zao zikiozea upande wa pili wa ukuta. Namwamini. Baba hakuwa na akili ya kutia chumvi.

Basi akajiwekea sheria: kilichotangulia kuingia kinatangulia kutoka. Alikata vipande vya plasta, ile nyeupe ya kubandikia vidonda, akaandika tarehe, akabandika kwenye kila gunia na kila tenga. Hospitali ilikuwa na midomo mia nne. Mzigo wa Jumatatu, Jumatano haupo. Sheria ikafanya kazi, akasifiwa, watu wakaanza kumwita Mzee Stoo kabla hata hajafikisha miaka thelathini.

Kosa lake ni kuileta nyumbani. Nyumbani midomo ilikuwa mitano, kisha kaka zangu wakaoa wakahama, ikabaki mitatu: baba, mama, na mimi binti yao wa mwisho, niliyerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda na kuweka cherehani yangu kwenye chumba cha mbele. Baba aliendelea kununua kwa mkono uleule wa hospitali, matenga. Na sasa hebu nieleze hesabu ambayo mtu mzima mwenye cheti hakuiona. Ukianza na nyanya iliyochoka, ile nzima inakaa inangoja. Ukimaliza zilizochoka, ile nzima nayo imechoka. Kwa hiyo unaila ikiwa imechoka, huku nyingine nzima inangoja nyuma yake. Hivyo unaweza kuishi miaka arobaini umezungukwa na nyanya nzuri na usionje hata moja.

Lakini nisimwonee. Hakuna aliyemfikia kwa kuokoa vitu. Nyanya zilizopasuka alizichemsha mpaka zikawa rojo, akazifunga kwenye chupa. Vikonyo vya mchicha alivikatakata vidogo kama kucha, akavikaanga na kitunguu. Ndizi zilizokuwa nyeusi kabisa alizikanda kwenye unga. Karoti zilizolegea kama kamba za viatu alizilaza kwenye maji baridi tangu asubuhi, na mchana zilisimama. Majirani walimletea vitu vyao vilivyowashinda, naye alivigeuza mkononi, akavibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Hiki bado kina uhai." Katika nyumba yetu pipa la taka lilikuwa na karatasi na nywele za kichana tu.

Mwaka jana mama alianza kukonda. Tukaenda hospitali ileile, tukapimwa, tukazungushwa, na mwisho daktari, kijana ambaye baba alimjua tangu akiwa mwanafunzi anakula jikoni, alifunga mlango wa ofisi yake akatuambia tumrudishe nyumbani. Hakuna dawa ya kuponya, ziko za maumivu. Chakula? Mpeni chochote anachotamani. Shida ni kwamba mama hakutamani kitu. Uji aliuangalia. Mchuzi aliusukuma. Wiki mbili tulimbembeleza na vijiko.

Ndipo Jumanne moja asubuhi, nikimbadilishia shuka, akasema natamani papai. Nilisimama na shuka mkononi.

"Papai gani, mama?"

"La kukatwa siku hiyohiyo linaponunuliwa. Gumu kidogo. Papai ambalo halijaanza kujuta."

Baba alikuwa mlangoni na akasikia. Alivaa viatu akaenda sokoni kwa miguu, mzee wa miaka sabini na nne, na akarudi amekumbatia papai lenye mistari ya njano, limeiva vizuri bila kulegea. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kisu na sahani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Baba akaliweka mezani, akafungua droo, akatoa plasta.

"Baba, unafanya nini?"

"Kuna mawili mbele yake," alisema.

"Mama hajaomba zamu. Ameomba papai."

"Atalipata. Haya mawili nayamaliza, keshokutwa linafika lake."

Nikamwambia tuyatupe yale mawili. Alinitazama kana kwamba nimesema tumtupe mama. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka, wala sikufua dafu. Halafu akavuta kiti, akachukua lile kuukuu, akalimenya, akaanza kula. Baba hakupenda papai. Alikula akiwa amefumba macho, kijiko baada ya kijiko, akamaliza, la pili akaliacha la kesho. Kesho yake alilimaliza na hilo la pili, huku tumbo likimwendesha kutwa nzima. Lakini Alhamisi asubuhi lile lake mama lilikuwa la kwanza kwenye foleni, na baba mwenyewe ndiye aliyelikata, akalipeleka kwenye sahani ya maua. Lilikuwa limekaa siku mbili kwenye joto la jiko letu. Upande mmoja ulikuwa umelainika, akauchonga, akaacha shimo. Mama alikula vipande viwili, akasema tamu. Mimi namjua mama yangu. Alisema tamu kwa sauti aliyotumia kuwasifia wateja wangu nguo zilizowabana.

Hata baba alijua. Alikaa jikoni ameshika kisu. Kisha akaniambia kwamba ameona kosa lilipo. Kosa ni foleni. Hili lililobaki likiisha, foleni ikiwa tupu, atakwenda sokoni, atanunua moja, na hilo litakuwa la kwanza na la mwisho. Hakutakuwa na kilicho mbele yake. Aliongea kwa furaha, na mimi nikamwamini, maana kwa mara ya kwanza ilikuwa kama amekubali.

Sasa ninyi mnajua watu. Mgonjwa akitamani kitu, habari inatembea kuliko redio. Ijumaa alikuja shangazi, dada yake baba, na mapapai matatu kwenye kitambaa. Wanawake wa chama cha mama wakaleta tenga zima. Mteja wangu aliyefuata gauni lake alileta mawili. Jumamosi nilihesabu kumi na manne, kila moja na plasta yake, yamejipanga kuanzia mlango wa jiko mpaka chini ya sinki. Nyumba ilinuka utamu mpaka nzi wakahamia kwetu. Nilimwomba baba tuyagawe. Akakubali haraka, nikawapelekea majirani sita. Jumapili akaja mkwe wa jirani kumwona mama, hajui hili wala lile, ana mfuko, na ndani ya mfuko kuna papai lenye plasta yetu. Baba alisoma tarehe, akaliweka mahali pake kwenye foleni.

Na akala. Asubuhi, mchana, jioni, mzee yule alikaa mezani akala mapapai. Shavu lilimwingia ndani, macho yakawa ya njano. Mama akila kipande chake kidogo cha lililotangulia, baba anakula lililobaki lote. Nilimsaidia, nisiseme uongo. Nilikula mpaka nikachukia rangi ile. Huku chumbani mama alikuwa anapungua. Mkono wake ukishika shuka, niliona mifupa yote mpaka kwenye kiwiko.

Jumatatu baba alikwenda hospitali kuchukua dawa za maumivu. Alipofika mwisho wa mtaa nilichukua papai ambalo shangazi alikuwa ameleta asubuhi hiyo, bado halina hata plasta, nikalikata. Nikampelekea mama kabla ujasiri haujanipoa.

Alilitazama. "La lini hili?"

"La leo."

"Na yaliyo mbele?"

"Yako palepale. Kula, mama."

Alichukua kipande, akakifikisha mdomoni, akakinusa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akakirudisha kwenye sahani.

"Rudisha, mwanangu. Anayamaliza kwa ajili yangu. Akikuta nimeshakula, yote aliyokula yatakuwa ya bure."

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Nimekaa naye miaka hamsini nikimngoja amalize. Nitashindwa siku mbili?"

Damu ilinichemka. Nilimwambia kwamba wao wawili wataniua. "Panga foleni," alisema mama, "mimi kwanza." Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Kisha nikaenda nalo jikoni, na kwa hasira zangu sikulila wala sikulificha. Nililifunga kwenye gazeti, zima, zuri, limekatwa vipande nane, nikalitupa jaani. Ndicho chakula pekee kilichowahi kutupwa kutoka nyumba ile, na nilikitupa mimi.

Jumatano mchana foleni iliisha. Sijui baba aliwezaje. Mawili ya mwisho yalikuwa yameshageuka povu, na aliyanywa kwa kikombe. Aliosha mikono, akavaa viatu, akaenda. Nilimsikia akihema tangu getini wakati anarudi. Hakufungua droo ya plasta. Alilikata papai palepale na jasho likimtiririka, akapanga vipande kwenye sahani, vyekundu, vyenye kingo zilizosimama, na akaenda nayo chumbani mwenyewe. Mimi nilibaki mlangoni.

"Hili ni la leo," alimwambia. "Hakuna lililo mbele yake. Nimemaliza yote."

Mama alifumbua macho. Nina hakika alielewa, kwa sababu alimtazama yeye kwanza kisha sahani. Alifungua mdomo. Baba akamwekea kipande kidogo, cha kumlisha mtoto, na kikakaa pale juu ya ulimi. Tukangoja. Alijaribu kumeza, nikaona anavyojaribu, lakini koo lilikuwa limeshafunga. Tangu asubuhi hata maji yalikuwa yanarudi, nami nilijua, na baba alijua. Maji ya papai yakatoka pembeni mwa mdomo yakashuka kwenye mto. Baba akakitoa kile kipande kwa kidole, taratibu, akamfuta.

"Baadaye kidogo," alisema. "Pumzika kwanza."

Alikaa na sahani magotini tangu saa nane mpaka kumi na moja. Mama hakufumbua macho tena. Pumzi zake zilikuwa zinaachana, moja, halafu kimya, halafu moja. Nilileta kiti nikakaa upande wa pili na nikashika mguu wake, maana mikono yote miwili baba alikuwa ameishika kwa mkono wake mmoja. Ilipotimia saa kumi na moja na kitu, tulingoja pumzi nyingine na haikuja.

Baba hakulia. Alimfunika mpaka kifuani, akatengeneza mto, kisha akagundua bado ana sahani. Aliigeuzageuza. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuiweka. Mwisho akaninyooshea.

"Kula wewe," alisema. "Lisiharibike."

Nilitaka kuirusha ukutani. Nilitaka kumwambia kila nilichowahi kuwaza juu yake. Lakini bado alikuwa ameninyooshea sahani kwa mikono miwili, kama anayemkaribisha mgeni, basi nikaichukua nikaenda jikoni. Nilisimama karibu na sinki nikala. Nilidhani sitaweza, baada ya mapapai yote yale, lakini lilikuwa gumu kidogo, tamu kuliko papai lolote nililowahi kula katika nyumba ile. Nililia nikila, na nililila lote.

Kutoka chumbani baba akaniuliza kama lilikuwa zuri.

Nikamwambia la kawaida tu, halina tofauti na yale mengine.