Barua Niliyojiandikia

Kungoja jibu la chuo kuna dawa zake, na zote nilipewa. Jumuiya yetu ya mtaani iliniombea novena. Walimu wenzangu walinishauri nizime simu, nitembee jioni, ninywe maji mengi. Kila aliyenikuta koridoni aliniambia mvumilivu hula mbivu, mpaka nikawa natamani kumrushia mtu embe bichi. Dawa iliyonifaa ilikuwa moja tu, nayo ni chuki. Nilimchukia mkuu wangu wa shule kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne, asubuhi na jioni, na nasema kweli, siku zilikwenda.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari moja hapa Mwanza ambayo sitaitaja, mwaka wangu wa tisa pale. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Ufadhili niliouomba, wa kwenda ng'ambo kusoma shahada ya uzamili ya elimu, haupokei maombi ya mtu aliyefikisha thelathini na mitano, nami nilikuwa nafikisha mwezi wa nane. Kwa hiyo halikuwa jambo la kusema nikikosa nitaomba tena mwakani. Nikikosa, basi.

Fomu yao ilitaka barua kutoka kwa mkuu wa kazi, ya kueleza mwombaji ni mtu wa namna gani. Kwetu barua kama hiyo mkubwa haiandiki. Unabisha hodi, unamwamkia, unaeleza shida yako, naye bila kuinua macho anakwambia, andika mwenyewe, niletee nisaini. Si dharau, ndivyo ilivyo, hata walimu wetu wa chuo walitufanyia hivyo. Mkubwa ana saini na muhuri, mdogo ana maneno. Na mkuu wetu alikuwa amezidi wote, kwa sababu kwa miaka yote tisa kila Kiingereza kilichotoka ofisini kwake nilikiandika mimi: hotuba za mahafali, ripoti, hata salamu zake za rambirambi.

Nikaandika. Ilinichukua wiki nzima, kwa maana kujisifu kwa mdomo wa mtu mwingine ni kazi ngumu. Ukizidisha, inanuka, ukipunguza, nani atakusifu tena? Nikaeleza matenki mawili ya samaki, sato, niliyoyaanzisha nyuma ya maabara, na jinsi wanafunzi wa kidato cha pili wanavyopima joto la maji kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Nikaeleza mwaka ule sato walipokufa wote kwa siku moja, na jinsi darasa lilivyotafuta chanzo chenyewe kwa majuma matatu mpaka likakipata. Kile Kiingereza nilikipiga pasi mpaka kikanyooka. Nilipokimaliza nilijisomea, nikatokwa na machozi kidogo, kwa sababu katika miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno yale.

Mkuu alisaini huku anaongea na simu. Hakusoma hata kichwa cha barua. Akagonga muhuri, akanisukumia karatasi mezani kwa kidole kimoja, nami nikashukuru kwa kupiga goti kidogo, kama nilivyolelewa. Mpaka hapo sikuwa na kinyongo naye. Niliituma barua na fomu zangu kabla ya Krismasi, nikaanza kungoja.

Nyuma ya maabara, juu ya matenki, kuna jiwe kubwa la kutosha watu kumi, na pale ndipo mtandao unaposhika vizuri. Kila mapumziko nilipanda pale kufungua ukurasa wa chuo. Uliandika neno moja tu, kwamba maombi yangu yanapitiwa. Wakati wa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, nilipanda na kanga nimejifunga usoni, nikafungua, yanapitiwa. Nikashuka kuwalisha samaki.

Mwezi wa pili chuo kikaniomba nakala safi zaidi ya cheti kimoja. Jumamosi nikaenda Buzuruga, kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, ambako walimu wote wa shule yetu huchapisha mambo yao. Dada wa pale alikuwa na wateja wengi, akaniambia nikae kwenye kompyuta nitafute faili langu mwenyewe. Nikaliona: Barua ya Mkuu. Chini yake kulikuwa na jingine: Barua ya Mkuu Mpya. Nikadhani ni langu. Nikalifungua.

Yalikuwa maneno yangu, kuanzia salamu hadi tamati. Matenki yalikuwemo, na daftari la joto la maji, na sato waliokufa. Kilichobadilika ni jina tu. Sasa aliyeanzisha mradi wa sato alikuwa mwalimu wa historia, mdogo wake mke wa mkuu, aliyehamia kwetu mwaka uliotangulia. Uhusiano wake na samaki wangu nilioujua mimi ni siku ya mahafali, alipomla mmoja na kusifia pilipili. Naye alikuwa anaomba chuo kile kile na ufadhili ule ule. Kumbe mkuu alimwambia achukue ile ya Madam, yaani yangu, abadilishe jina, amletee asaini. Hilo mwalimu huyo alikuja kulisema mwenyewe ofisi ya walimu, kwa furaha kabisa, kwamba shemeji yake amempa barua nzito.

Nililipa, nikatoka, nikasimama karibu na wauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilichokuwa nakiona ni lile juma moja, mimi na kalamu, najitafutia jambo jema la kusema juu yangu. Hilo ndilo walilonichukulia. Wangeniibia simu ningelia siku moja, yakaisha.

Mama yangu anaishi Nyegezi. Ni Mhaya wa zamani, hapandishi sauti, na ndizi hamenyi mtu mwingine jikoni kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsimulia yote huku namsaidia kuosha. Nilimwambia nitamfanyia yule mzee kitu ambacho hatakisahau mpaka anastaafu. Akaendelea kumenya.

"Mwache, mwanangu," akasema. "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nilitoka pale nimefurahi, kana kwamba nimepewa ruhusa.

Tangu siku hiyo kungoja kukawa kwepesi. Nilipokuwa nasahihisha madaftari nilipanga kisasi, nilipokuwa kanisani nilipanga kisasi, nikatubu, nikaendelea. Niliwaza kumwandikia hotuba ya mahafali ya kidato cha sita yenye aya moja ya kumtukana mgeni rasmi, nikajua ataisoma yote bila kushtuka. Niliwaza kwenda kwa afisa elimu. Kila mpango niliufikiria vizuri, nikauweka akiba. Ukurasa wa chuo uliendelea kusema yanapitiwa, na mimi nikawa sipandi tena jiweni kila siku.

Kisha nafasi ikaja yenyewe. Mwezi wa tatu katikati, mkuu aliniita. Alikuwa na karatasi iliyochapwa na mhazili kutoka kwenye barua pepe ya shule, kurasa mbili, naye alikuwa ameishia salamu.

"Madam, wazungu wameandika hapa," akasema. "Kiingereza chao kirefu mno. Angalia wanataka nini, uwajibu, niletee nisaini."

Niliisoma nimesimama. Chuo kilikuwa kimepokea barua mbili zenye saini yake, zinazofanana neno kwa neno, juu ya waombaji wawili. Kilimtaka aeleze ndani ya siku kumi, la sivyo maombi yote mawili yatafutwa. Mkuu alikuwa anatafuta ufunguo wa kabati. Nikamwambia sawa, nitajibu. Nikatoka kabla hajaupata.

Nataka nieleze vizuri nilichokifanya, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Ningeweza kuandika kwamba karani alichanganya mafaili, tunaomba radhi. Mambo yangeisha, ila shemeji angebaki kwenye orodha na barua yangu mfukoni. Hilo sikulitaka. Ningeweza kuandika kweli yote, kwamba barua nilijiandikia mwenyewe, na hapo ningekuwa najikata mguu. Nikachagua njia ya katikati. Kwa jina la mkuu niliandika kwamba barua ya kwanza ni ya kweli, matenki yapo, anayetaka picha atumiwe. Ya pili ni nakala ya ile ya kwanza, iliyofanywa ili kumsaidia ndugu wa mke wangu, nami nimekosa, naomba ifutwe.

Hapo palitosha. Mtu mwenye akili angeweka nukta, akachapisha. Lakini nilikuwa nimekaa na chuki ile majuma mengi, nimeilea vizuri, na haikuwa imeshiba. Nilitaka aonekane alivyo. Nikaongeza sentensi moja, kwa utamu tu: Sikuisoma kabla ya kusaini, kwa kuwa huwa sisomi ninachosaini.

Nilicheka peke yangu maabara mpaka mwanafunzi mmoja akachungulia. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwandikia yule mtu, na ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli tupu. Asubuhi nikampelekea. Alikuwa anakunywa chai na chapati. Akafuta vidole, akasaini, akagonga muhuri, akaniambia asante Madam, wewe ndiye mkono wangu wa kulia. Nikatoa nakala moja, nikaitia kwenye begi, ya kwanza nikampa mhazili aitume. Siku hiyo niliwafundisha kidato cha tatu mmeng'enyo wa chakula kwa raha ambayo hawajawahi kuiona.

Baada ya majuma mawili shemeji alipata jibu. Maombi yake yalikuwa yamefutwa. Aliwalaumu wazungu, akalaumu mtandao, akasema siku hizi vyuo vya nje vina upendeleo. Nilikaa mkabala naye ofisi ya walimu, nasahihisha, nikamwambia pole. Pole ile ilikuwa tamu kuliko asali ya Tabora, na sioni haya kuisema. Siku ile niliamini Mungu yuko upande wangu.

Jibu langu lilikuja kesho yake, saa nne, wakati wa chai. Nilipanda jiweni. Walinishukuru kwa maombi mazuri. Walisema wamevutiwa na kazi ya matenki. Kisha wakasema kwamba kwa kuwa mkuu wangu wa kazi amekiri kwa maandishi kuwa hasomi anachosaini, barua yake kunihusu nayo haiwezi kuhesabiwa, hivyo maombi yangu hayakukamilika, na muda wa kuyakamilisha umepita. Walinitakia kila la heri.

Niliisoma mara nne. Sikutafuta wa kumlaumu, maana sentensi iliyoniua niliijua, hata mahali nilipoweka mkato nilipakumbuka. Kama ningeiacha, ningekuwa nasafiri mwezi wa tisa. Nilikaa pale juu mpaka kengele ikalia, na chini yangu samaki walikuwa wanazunguka wakingoja chakula, kwa sababu wamezoea mtu akitokea pale ni mimi.

Jumapili nilimwambia mama. Hakurudia methali yake. Alinipakulia ndizi, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaniuliza kama samaki wazima. Afadhali angenigombeza.

Kwa mkuu hakuna lililobadilika. Chuo kilimwandikia kumshukuru kwa ukweli wake, na kumwarifu kwamba kuanzia sasa hakitapokea barua yoyote yenye saini yake. Niliiona barua hiyo kwenye kompyuta ya mhazili. Haikuwa imefunguliwa mpaka nilipoifungua mimi. Mzee alikuwa anaendelea kunywa chai na chapati, mwenye heshima zake, na mimi ndiye niliyekuwa nimezikwa. Hilo liliniuma kuliko kukosa chuo. Nilikuwa nimelipiza kisasi kwa mtu asiye na habari.

Mwishoni mwa mwezi wa nne akaniita ofisini. Alikuwa amesikia. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo halifanyi, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, Madam," akasema. "Na mimi nilikuwa nimekuandikia barua nzuri sana."

Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Aliamini kabisa. Akaendelea kusema wazungu hawajui kuchagua watu, kwamba hasara ni yao, kwamba shule itafaidi kubaki nami. Halafu akaingia kwenye jambo alilokuwa ameniitia, hotuba ya mahafali ya kidato cha sita. Mgeni rasmi anatoka mkoani, iwe fupi, iwe na methali mbili tatu.

Nikafungua begi. Ile nakala ilikuwa imekaa humo tangu mwezi wa tatu, imekunjika pembe. Nikainyoosha kwa kiganja, nikaiweka mezani mbele yake, saini yake na muhuri wake vikimtazama. Akavuta kalamu mfukoni.

"Nasaini wapi?" akauliza.

"Umeshasaini, Mkuu," nikamwambia. "Hii ni ya kusoma."

Akacheka kidogo, akaona sicheki, akatafuta miwani. Alianza kwenye tarehe, kidole chini ya maneno, midomo ikichezacheza kama mtoto wa darasa la pili. Alisoma taratibu sana. Nami nikavuta kiti changu karibu na meza, nikaegemeza viwiko, kwa sababu barua ile ilikuwa imenigharimu chuo na sikutaka kukosa hata mstari mmoja.