Maji Yaliyopambwa Kwenda Kasulu

Nilisafiri kutoka Kibondo kwenda Kasulu kwa sababu ya choo. Najua wasafiri wenzangu huanza na milima, au na hamu ya kuona dunia. Mimi naanza na choo cha soko letu, chenye bati jekundu, kilichojengwa mlimani juu kidogo ya chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Tangu mvua zianze, watoto walikuwa wakiharisha. Zawadi, mjukuu wa Mama Bihoga, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amekwisha kulazwa mara mbili, na mara ya pili alirudi mwepesi hata nikaogopa kumpakata.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema choo kihamishwe. Mwenyekiti, ambaye alikizindua kwa kukata utepe, akaniuliza kama nimewahi kuona kwa macho yangu kinyesi kikitembea chini ya ardhi. Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira. Mwishowe tukakubaliana kwamba chupa moja ya maji ipelekwe maabara Kasulu, na watakachosema wa Kasulu ndicho kitakachofuatwa.

Jioni ya kuamkia safari niliteremka chemchemini na chupa ya kioo niliyoichemsha shuleni. Nilichota mwenyewe, kwa uangalifu wa bibi harusi anayevishwa pete. Kisha nikailaza chupa kwa Mama Bihoga, maana nyumba yake iko jirani na chemchemi na ndani mna ubaridi. Yeye ndiye kiongozi wa kamati ya maji, mama mfupi, mfugaji, asiyependa kuelekezwa.

"Mwalimu, nenda ukalale," alisema. "Kinachokwenda Kasulu niachie mimi."

Asubuhi nilimkuta mlangoni, chupa imefungwa kwenye kipande cha kitenge kipya, naye akaniamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu. Haya, wapelekee wakaone."

Nikaifungua nitazame. Maji yalikuwa yanameta! Nikajisifu moyoni kwamba kweli najua kuchota.

Kibondo mjini nilitafuta barafu, kwa kuwa maji ya kupimwa yanatakiwa yasafiri yakiwa baridi. Barafu ya maana haikuwepo. Zilikuwepo barafu za ubuyu, zile za kwenye vifuko wanazofyonza wanafunzi. Nikazipanga ndani ya boksi kuizunguka chupa, nikafunga kwa mpira. Dereva wa gari dogo la abiria aliliona boksi akadhani ni chanjo, akaliweka kiti cha mbele peke yake. Nilipomwambia ni maji, alilishusha akalitupa miguuni kwangu.

Njiani, kwenye kizuizi, askari alituteremsha wote. Ubuyu ulikuwa umeanza kuyeyuka, na boksi langu lilikuwa linavuja wekundu kwenye viatu vyangu.

"Mama, umebeba nini kinachotoka damu?"

"Ni barafu ya ubuyu, afande. Ndani yake kuna maji."

"Unapeleka maji Kasulu. Kasulu hawana maji?"

"Wanayo."

"Haya ya kwako yametoka wapi?"

"Kijijini kwetu, chemchemini."

"Yana kitambulisho?"

Abiria wakavunjika mbavu. Askari akaitoa chupa, akaiinua juani, akaigeuzageuza kama mtu anayenunua saa. "Maji mazuri," akasema kwa sauti ya kutoa hukumu. "Yangekuwa machafu yasingepita hapa." Nikamshukuru. Ungefanyaje?

Tulipofika Makere gari lilisimama watu wanunue vya kutafuna. Mama mmoja wa Kikongo, anayeishi kambi ya Nyarugusu, alikuja dirishani na beseni la mandazi. Aliona nimelikumbatia boksi.

"Mama, muko nini mule?"

"Maji. Nayapeleka kupimwa."

"Mayi? Weye unatembeza mayi mu motoka? Batu banapeleka mugonjwa ku hospitali, weye unapeleka mayi!"

"Maji ndiyo yanayougua, mama."

Alifikiri kidogo, uso wake ukalegea kwa huruma ya kweli. "Basi pole yake," akasema, akanipa andazi moja la bure. "Hii ni ya mugonjwa."

Mchana tuliingia Kasulu. Maabara ilikuwa imefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumapili, kwa hiyo nikafikia kwa Bi Zuhura, mwenye duka, ambaye marehemu baba yake alitokea Pangani na kuleta huku ukarimu wa kwao.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, utue mzigo."

Chupa ikalala kwenye friji, kati ya soda na maziwa. Nilipotoka kuswaki asubuhi nikamkuta anabishana na mteja. "Ameing'ang'ania chupa yako ainunue," aliniambia kwa uchovu. "Anasema ya kioo, tena ina kitenge, lazima ndiyo yenyewe ya wakubwa."

Siku hiyo nikayafikisha maabara salama. Siku iliyofuata mpimaji, binti mcheshi aitwaye Jenipha, aliniita ndani akafunga mlango. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Mwalimu, maji haya umeyatoa wapi?"

"Chemchemini."

"Chemchemi ipi ya wazi isiyo na kijidudu hata kimoja? Haya ni masafi kuliko ninayokunywa mimi. Tena yananukia moshi."

Nikaketi. Nilimwona Zawadi, nikauona mdomo wa Mwenyekiti ukicheka, nikaliona na bati jekundu likimeta mlimani milele. Nusura nilie.

"Ila naitreti imezidi sana," Jenipha akaendelea. Hiyo ni chumvi inayozaliwa mkojo na kinyesi vikioza ardhini, kisha mvua ikaishusha. "Moto unaua vijidudu, lakini naitreti hauiondoi. Kuna choo karibu?"

"Kipo juu yake."

"Basi. Kuna mtu aliyaogesha maji haya, akayavalisha. Lakini ukoo wake haukubadilika."

Nilirudi nyumbani bila barafu na bila chupa, nikiwa na swali moja tu. Mkutano uliitwa jioni ileile. Nilianza kwa kusema kwamba vijidudu havikuonekana, na hilo lilikuwa kosa, kwani sikupewa nafasi ya kusema la pili. Mwenyekiti alisimama akapiga makofi. Mmoja akataka achinjwe mbuzi. Mwingine alikimbilia chemchemini, akarudi na kata imejaa, akanywa mbele yetu kwa heshima ya sayansi.

Nikapaza sauti: "Nani aliyachemsha?"

Mama Bihoga akainuka, Zawadi akiwa mgongoni. Hakuwa na chembe ya aibu.

"Ni mimi. Ya kwako niliyamwaga, Mwalimu. Nikachota mengine, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Chupa nikaifukiza moshi kama kibuyu cha maziwa ya mgeni. Ulitaka maji yetu yasimame mbele ya wakubwa uchi?"

Wakamshangilia, naye akanogewa. "Kuni zangu zote za juma zima niliziwasha usiku ule! Zote! Kwa ajili ya Kasulu!"

Zawadi alikuwa amejikunja, anaguna kwa maumivu ya tumbo. Mama Bihoga aligeuza shingo akamtazama, na aliposema tena hakuwa akisema na sisi.

"Mwana wanje, mwanangu. Wewe hata kijiti kimoja sijakuwashia."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kijiji kizima, lakini sikuiona ilikokwenda. Nikawaeleza habari ya naitreti, nikitarajia ubishi. Mama Bihoga akanikatiza: "Choo kitoke pale." Mwenyekiti akatazama chini, akasema kitoke.

Kimehamia upande wa pili wa mlima, na utepe umekatwa upya. Wakati chemchemi inajisafisha tunachota ng'ambo ya bonde, mbali, na wapo wanaolalamikia umbali huo kila siku. Nilidhani nakwenda Kasulu kutafuta wajuzi. Kumbe kuyasafisha maji tulijua. Tatizo ni kwamba tulikuwa tukijua kwa ajili ya wageni.

Juzi nilipita kwa Mama Bihoga nikakuta sufuria inatokota jikoni. Zawadi, aliyerudisha mashavu yake, alipewa kikombe kilichopoa. Akakishika kwa mikono miwili, akamtazama bibi yake kwanza.

"Ya Kasulu?"

"Ya Kasulu, mwana wanje. Kunywa."