Abiria wa Mkononi

Siku yangu ya kwanza kazini sikukata tiketi hata moja. Nilifika stendi ya Kyela alfajiri, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, nikidhani ukondakta ni hesabu na sauti kubwa. Meneja wa kampuni, mtu wa Ipinda mwenye mdomo mkali, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Umenawa mikono?" Nikasema nimenawa. "Basi njoo upokee mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Ngonga aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam kwa mwanawe, na hakuwahi kupanda basi maishani mwake. Binti yake aliushika mkono wa mama akauweka katika kiganja changu, akasema, "Huyu ni wetu." Mimi nikabaki nimeduwaa. Meneja akanikanyaga mguu kwa kiatu chake.

"Sema umempokea, bwana!"

"Nimempokea," nikasema.

Baadaye akanivuta pembeni kunieleza. Huyo, alisema, anaitwa abiria wa mkononi. Anakaa siti ya nyuma ya dereva ili umwone kila ukigeuka. "Na hashuki mwenyewe. Hata akiona kwao, hashuki. Anashushwa. Unautia mkono wake katika mkono wa mwenyeji wake, na mwenyeji akishasema 'Amefika', hapo ndipo kazi yako imekwisha. Asipotokea mwenyeji, unakaa naye hadi atokee, hata kama umechoka mpaka unataka kulia."

Ninyi mnaosoma haya mmekua na simu, mtaona ni mambo ya kizamani. Lakini fikirini enzi ambazo mtu akishapanda basi pale Kyela, hamumsikii tena mpaka mwingine arudi kutoka huko na kuwaambia. Wagonjwa, wazee, mabibi harusi, wote walisafiri mkononi. Haikuandikwa popote wala haikulipiwa. Kondakta aliyempoteza abiria wa mkononi hakufukuzwa kazi. Hakukuwa na haja, maana hakuna nyumba ya Kyela ambayo ingemkabidhi mtu tena.

Njia ya Dar es Salaam niliifanyia kazi miaka mingi. Tulipanda Tukuyu kwenye ukungu, tukatokea Uyole, tukaula upepo wa Makambako, tukashuka mlima Kitonga dereva akiwa kimya na abiria wakiwa kimya zaidi yake. Dar yenyewe ilianza kukufikia kabla hujaifikia: joto linaingia dirishani, watu wanavua masweta, na wale waliokuwa wanasinzia wanaanza kushika mifuko yao. Ni mji unaokupokea kwa kukusukuma. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi, wote wanakuuliza unakwenda wapi. Mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nikauelewa, nikaupenda hata, kwa sababu katikati ya kusukumwa huko palikuwa daima na mtu mmoja aliyesimama palepale tulipoelewana, shingo imenyooka, anamtafuta mama yake. Nikimkabidhi, anasema, "Amefika," na uchovu wote unanitoka.

Kisha nikahamishiwa Kasumulu, mpakani. Mabasi yetu hayakuvuka Mto Songwe wakati ule. Abiria wa kwenda Malawi alishuka upande wetu, akavuka daraja kwa miguu, akapanda basi la huko. Msimamizi wetu pale alikuwa mwanamke mnene wa kabila la Wakisi, tukimwita Mama Wakala, ambaye aliwafokea madereva na maofisa kwa sauti moja. Siku niliyoripoti aliniambia, "Wewe sasa ni kondakta wa daraja. Basi lako ni miguu yako." Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinifundisha kusubiri foleni ya mihuri pamoja na abiria wangu, nisimwache hata kwenda kununua ndizi, kisha nivuke naye nimkabidhi kondakta wa ng'ambo, Mmalawi mrefu niliyemwita Achimwene kama wanavyoita kaka kwao. Hatukuelewana lugha vizuri, lakini mkono haukuhitaji mkalimani.

Lilongwe niliiona nilipopewa likizo, Achimwene akanipeleka. Unapita Karonga, unapanda ule mlima wa Chiweta ukiliacha ziwa chini, unapita Mzuzu na Kasungu, na siku inaisha ungali njiani. Kama Dar inakusukuma, Lilongwe inakuacha. Ni mji ulioachiana nafasi, sehemu moja hapa, nyingine kule, katikati miti na majani marefu na watu wanaotembea taratibu. Mitaa mingi haina majina bali namba, na mtu akikuelekeza nyumbani kwake ni kama anakutajia siti. Msimu wa tumbaku ukianza, harufu yake inakaa kwenye nguo. Wanakusalimu mpaka mwisho, wanasubiri jibu, ndipo wanaendelea. Nilijiona mshamba wa haraka.

Huko ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa, Tusekile. Mimi mwenyewe ndiye niliyemvusha. Mama alikuja naye Kasumulu kutoka kwetu Ngonga, akauweka mkono wake kwenye kiganja changu, akasema, "Huyu ni wetu," kana kwamba mimi si mwanawe. Nikajibu, "Nimempokea." Mama Wakala akageuka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Na kila Tusekile alipokuja kutusalimu, alikuja hivyo hivyo: Achimwene ananikabidhi darajani, mimi ninamfikisha stendi ya Kyela, mama anaushika mkono wake na kusema, "Amefika. Ndaga, mwanangu." Ndaga hiyo ya shukrani ilikuwa yangu, nami niliitaka kuliko mshahara.

Mambo yakabadilika polepole. Yakaja mabasi ya moja kwa moja, Lilongwe hadi Dar es Salaam, mtu hateremki ila kugongewa muhuri. Zikaja simu. Achimwene alistaafu, Mama Wakala alifariki, nami nikarudi Ngonga kulima mpunga. Miji ile miwili ikakaribiana, na watu wakafurahi, hata mimi nilifurahi.

Mwaka huu mama aliugua. Alipoona hali inazidi akaomba kitu kimoja tu: amwone Tusekile. Nikampigia mpwa wangu Lilongwe. Nikamwambia ampandishe mama yake kwenye basi la moja kwa moja, amkabidhi kondakta mkononi, ashushwe njia panda ya Kyela nami nitakuwepo. Mpwa wangu kalelewa vizuri, akafanya kama nilivyomwambia. Mkono aliuweka. Kondakta, nadhani, alidhani anaagwa.

Mchana ule mvua ilikuwa ile ya kwetu, isiyokuachia hata pa kutazama. Nilisimama njia panda na mwavuli. Basi likatokea upande wa Kasumulu, nikapunga mkono, nikapunga tena. Likapita. Nyuma ya dereva nikaona kitambaa cha Tusekile kichwani, ameketi wima. Nilikimbia nyuma ya basi kama mwendawazimu, mzee mzima na ndala zangu. Nikampigia mpwa, hakuwa na namba ya kondakta. Laini ya dada ilikuwa ya Malawi, haikushika huku.

Nyumbani mama akauliza, "Amefika?" Nikasema yuko njiani. Lilikuwa jambo la kweli, na liliniuma kulisema.

Dada alipelekwa mpaka Dar es Salaam. Watu wote wakashuka, yeye akabaki kwenye siti. Kondakta akamwambia, "Bibi, mwisho wa safari hapa." Akamjibu kwamba bado hajakabidhiwa. Wakacheka, wakamshusha na kikapu chake. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza chai pale stendi, mzaliwa wa Ipinda, aliyemsikia akisali kwa Kinyakyusa, lugha yetu. Alimpa chai, akauliza kwao, akapiga simu Ipinda, na Ipinda wakanitafuta. Kesho yake akampandisha basi la Kyela.

Mama hakungoja. Alifariki mchana wa siku hiyo, dada akiwa bado njiani.

Jioni nilimpokea Kyela stendi. Alijua aliponiona usoni. Hakulia kwanza, alishika mkono wangu akaubana.

"Nilikuona, Ambwene," akasema. "Nilikuona umesimama na mwavuli wako. Nikasema, haya, sasa atalisimamisha anishushe."

"Mbona hukupiga kelele, dada?"

"Kwani nilikuwa nimepanda mwenyewe? Nilikuwa mkononi."

Ile kanuni tuliyoilinda maisha yetu yote, mimi na Mama Wakala na Achimwene, alikuwa ameitunza yeye peke yake ndani ya basi zima. Vijana mnaofanya kazi hii leo siwalaumu, hamkufundishwa, na sisi tuliostaafu tulikwenda kulima tukadhani itajiendesha. Nasikitika kwa hilo kila asubuhi. Tulifurahia barabara, hatukuuliza nani atapokea.

Tulifika Ngonga tukakuta wanawake wamejaa uani. Mama alikuwa bado kitandani, amefunikwa shuka. Nilimpitisha Tusekile katikati ya watu nimemshika mkono, nikaufunua mkono wa mama, nikautia mkono wa dada humo. Ulikuwa baridi. Watu wa rika langu walijua kinachofuata, na aliyetakiwa kukisema alikuwa amelala pale.

Maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kusema neno la mwenyeji. Halikuwa langu. Siku ile nililisema mimi, karibu na sikio la mama:

"Amefika."