Gia Nyeupe ya Plastiki

Miaka hiyo nilikuwa na chumba cha gemu katika mtaa wa Langas, chumba kimoja cha mabati chenye televisheni nne, na taabu yangu kubwa ilikuwa stima. Ikipotea mchana wa likizo, wateja wangu walitoka nje wote kwa pamoja wakininung'unikia kana kwamba nimeizima mimi. Kwa hivyo nilipoona mtandaoni picha ya mashine ndogo ya gemu, ya kushika mkononi, inayojichaji kwa kuzungusha kishikio kilicho ubavuni, nilihisi kwamba kuna mtu ng'ambo aliyewahi kukaa katika chumba changu giza likiingia.

Mashine yenyewe haikuwa imetengenezwa bado. Hilo ndilo lililonipa kazi kumweleza baba yangu.

Baba alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha nguo, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini alitunza mashine za kusokota nyuzi. Siku hizo alikaa kwenye veranda ya nyumba yetu, katika mtaa unaoitwa West Indies, akitengeneza redio na blenda za majirani.

"Ni watu watatu," nikamwambia. "Wamechora mashine, lakini hawana uwezo wa kuitoa kwa wingi. Wanaomba watu wachange. Ikitoka, kila aliyechanga anatumiwa yake."

"Harambee," akasema.

"Kama harambee."

"Kwa harambee unajua nyumbani kwa mwenyewe. Unajua mpaka mbwa wake."

Mama alikuwa kando akichambua mboga za managu. "Na mgeni wa heshima ni nani?"

"Hakuna, Mama."

"Basi hiyo ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia."

"Afadhali gunia," Baba akasema. "Hawa wanauza picha ya gunia."

Nilichanga hata hivyo, na sikufanya hivyo kwa upumbavu. Kila kitu nilichomiliki, kuanzia televisheni mpaka pedi za kuchezea, kilinifikia kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine, mara nyingi na watu wawili. Sasa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa mwanzoni mwa kitu. Chini ya tangazo la mradi kulikuwa na mazungumzo ya wachangiaji kutoka kila pembe ya dunia, wakibishana kuhusu rangi ya kishikio na gemu ya mbweha mdogo anayeruka mito. Nilikuwa nayasoma asubuhi kabla ya kufungua chumba cha gemu, nikitabasamu peke yangu.

Kila mwezi watengenezaji walituandikia barua ya maendeleo. Jumapili, baada ya kanisa, nilimsomea Baba huku akinywa chai. Mwanzoni alisikiliza tu ili anicheke. Kisha, mwezi wa tano au wa sita hivi, wakatuma picha ya mashine ikiwa wazi, matumbo yote nje. Baba akaweka kikombe chini.

"Kuza hapo. Pembeni. Hiyo gia nyeupe."

Nikaikuza. Akachukua lenzi yake ya kutazamia saketi akaisogeza karibu na simu yangu, akaikagua gia jino kwa jino.

"Hiyo ni plastiki," akasema mwisho. "Kule kiwandani tulizijaribu. Vumbi la pamba likichanganyika na mafuta kidogo linakuwa msasa. Lilikula meno yote. Hawa watu hawajawahi kukaa mahali penye vumbi."

"Labda wamefikiria."

"Labda. Waulize."

Tukaandika pamoja. Alinitamkia maneno kwa Kiingereza chake cha vitabu vya mitambo, chenye heshima nyingi na samahani mbili, nami nikayapachika kwenye ukurasa wa mradi. Majibu yalikuja siku hiyo hiyo, lakini si kutoka kwa watengenezaji. Mchangiaji mmoja alituambia turudishiwe pesa zetu twende zetu. Mwingine akasema watu wa mashaka ndio huua kila mradi mzuri. Nilikasirika sana. Kisha nikagundua, kwa aibu, kwamba sehemu ya hasira hiyo ilikuwa kwa Baba. Nilitamani angenyamaza aniachie furaha yangu.

Ni mtu mmoja tu aliyeuliza swali la maana. Alikuwa mwanamke aliyesema anaishi kwenye nchi ya jangwa, na kwamba mchanga huingia mpaka kwenye sukari. Akauliza: gia ya namna hiyo itavumilia mizunguko mingapi?

Baba hakujua, na kutojua kulimkosesha raha. Akang'oa gia ya plastiki kutoka kwa redio ya kaseti iliyokufa, akaifunga kwenye drili ya mkono ikishikana na gia nyingine, akaniagiza nimletee vumbi la sakafu ya chumba changu cha gemu. Kila jioni kabla ya jua kuzama alikaa hapo verandani akizungusha, akinyunyiza vumbi kidogo, akizungusha tena. Majirani wakipita walimwuliza, "Mzee, unasaga nini leo?"

"Nasaga ahadi," aliwajibu, bila kuinua macho.

Meno yalipoanza kuteleza nilipiga video kwa simu. Yalikuwa yameliwa yakabaki kama meno ya mtoto yanayoota. Tukaiweka video kwenye ukurasa ule, na safari hii hakuna aliyetutukana. Hakuna aliyesema lolote, kwa kweli, mpaka ikaja barua ya watengenezaji. Walisema wamefanya jaribio lao wenyewe kwa mchanga na wameona vivyo hivyo. Gia itakuwa ya chuma. Mashine zitachelewa. Wakamshukuru "mchangiaji wetu wa Kenya."

Baba akaniomba nirudie hapo. "Lakini mimi sijachanga," akasema, na masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mtu aliyeitwa mbele ya kanisa.

Kuchelewa kwenyewe kulipita mwaka. Wachangiaji wengine walijitoa, wengine wakaapa kwamba tumeibiwa. Mimi nilichoka pia. Barua ziliingia nikaziacha bila kuzifungua. Baba ndiye aliyekuwa akiuliza kila Jumapili, "Wale watu wamesemaje?" Nikimwambia sijasoma, alinitazama kana kwamba nimesahau kulisha ng'ombe.

Mashine ilifika msimu wa mvua. Niliichukua posta nikaipeleka moja kwa moja verandani. Sikupata hata nafasi ya kuiwasha. Baba alikuwa ameshafungua skrubu zake nne.

"Wamefanya," akasema polepole. Gia ilikuwa ya chuma, imekaa mahali pake.

Akaifunga, akazungusha kishikio, akabonyeza. Hatukuona kitu. Tukaipeleka kwenye mwanga zaidi, ikawa mbaya zaidi. Kumbe kioo chake kilikuwa hafifu hivi kwamba mchana hakionyeshi chochote. Baba akavua koti, akajifunika kichwa pamoja na mashine, na kutoka humo ndani nikasikia, "Namwona! Namwona mbweha!" Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka koti likaanguka.

"Miaka yote hiyo tunatazama gia," akasema akijifuta macho. "Hata mimi sikuuliza habari ya kioo."

Kule Langas mashine hiyo haikuniokoa sana. Stima ilipopotea, wateja walipanga foleni kuijaribu kwa siku mbili tatu. Kisha wakagundua kwamba unazungusha kwa muda mrefu ili ucheze kwa muda mfupi, wakarudia kutoka nje na kuninung'unikia. Mwaka uliofuata nilinunua betri kubwa ya sola, ya mtumba, nayo ikafanya kazi.

Nilimwuliza Baba kama angechanga, mradi ule ukianza upya leo.

"Mwanzoni, hapana," akasema. "Lakini siku ile waliyosema wamekosea, ningechanga."

Yule mwanamke wa jangwani alipata yake pia. Alituandikia kuuliza kama na sisi tunacheza tukiwa tumejifunika shuka, na tangu hapo yeye na Baba hawajaacha kuandikiana, mimi nikiwa karani. Wiki iliyopita alituma picha ya mashine ya kusaga nafaka ambayo vijana wa huko wanaiombea michango mtandaoni. Anataka kujua Baba anauonaje mkanda wake. Baba amesema hawezi kujibu mpaka aone upande wa pili.