Kujiamini Kwenye Zizi la Mwamkulu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwa Afisa Mifugo wa Wilaya nikiwa na buti mpya na sauti ya kuazima. Nilidhani mtu anayejiamini ni yule anayefoka. Mzee yule alinisikiliza nikijitapa, akacheka. "Binti, ukifika zizini kwa watu, waambie unachokiona na unachotaka kufanya. Kelele waachie ng'ombe."

Akanipanga Mwamkulu, kwa wafugaji wa Kisukuma ambao hawakuwahi kuletewa afisa mwanamke. Haikupita wiki, Mzee Masanja akaniita. Mtamba wake, ng'ombe wa mimba ya kwanza, alikuwa ameshindwa kuzaa. Nilimkuta Masanja ameshika kisu, kwa sababu ng'ombe akifa mwenyewe nyama haiuziki.

"Binti huyu hataweza," alisema mwanawe mkubwa. "Baba, tuchinje tu."

Niliogopa, siwafichi. Nikanawa kwa sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono na kupapasa.

"Ndama yu hai," nikawaambia. "Kakunja shingo. Nitamsukuma arudi ndani kidogo, nigeuze kichwa, ndipo tumvute. Sijawahi kufanya peke yangu, ila nimefundishwa. Nyie mtashika kamba."

Masanja akanitazama, akarudisha kisu alani. "Haya mama, fanya."

Ndama alitoka akapiga chafya, na mtamba akageuka kumlamba. Nilitembea Mwamkulu nzima kifua mbele. Miaka ikapita, na kila alipoletwa bwana mifugo mwingine Masanja alimwuliza, "Mama yetu yuko wapi?"

Sasa nimestaafu, naishi Misunkumilo. Vijana huniuliza kujiamini kunapatikana wapi, kana kwamba kunauzwa madukani Kashaulili. Majuzi afisa mpya wa Mwamkulu, binti aliyeanza kazi mwaka huu, alinipigia simu akilia. Ndama amekwama, anaomba niende.

"Siji," nikamwambia. "Ulipopapasa umeshika nini?"

"Miguu miwili, bibi. Kichwa kimegeukia kushoto."

"Utafanyaje?"

Akaeleza yote bila kukosea.

"Basi unajua. Kata simu, utahitaji mikono yote miwili."

Nilikaa na simu mapajani, chai ikapoa, roho juu. Alipopiga tena, kabla hajasema neno, nikamsikia ndama analia. Nikapiga vigelegele peke yangu uani, mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.