Kiti Kilichonishusha Mbele ya Wanunuzi

Mimi nimeuza mahindi Kitale tangu niache shule darasa la sita, na hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Lakini kiti cha ofisi nilichonunua Bungoma kilianza kushuka chenyewe kila nikitaja bei. Mnunuzi mmoja akacheka: "Mkubwa, si ushuke na bei pia!" Nikashuka kweli, bana.

Jioni mke wangu akakiinua kiti, akapima kile chuma cha katikati kinachopanda na kushuka, akakata kipande cha paipu ya maji, akakipasua upande mmoja na kukibana kuzunguka chuma hicho, kisizame tena.

"Kalia sasa, baba watoto."

Nikakalia kwa nguvu zote. Hakikushuka. Kesho yake mnunuzi alirudi, na bei yangu pia haikushuka. Ile paipu ilinigharimu shilingi themanini na tano.