Kibanio cha Gharibu

Mimi Athuman nina ulimi, sikatai. Hapa sokoni Kasulu nauza ndala na mafuta ya kupaka, na mtu akiniuliza jambo la dini siwezi kumwacha aondoke mikono mitupu, hata kama mwenyewe sina hakika. Wanasema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza figo za mwenzangu.

Gharibu ni fundi cherehani, kibaraza chake kimepakana na changu. Miaka ishirini hajakosa safu ya mbele msikitini kwetu. Mwaka huu tezi dume ilimzidi, hospitali wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wa kufunga pajani, asubiri zamu yake ya upasuaji. Siku aliyorudi kazini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, huu mkojo unashuka wenyewe. Nitasalije?"

Nikamjibu kama mufti: "Likitoka tone, udhu hamna." Kisha nikaendelea kupanga ndala zangu.

Kumbe yeye alikwenda akawaza kifundi: tone lisipotoka, udhu upo. Akachukua kibanio kwenye kamba ya nguo ya mkewe, Safina, akawa anaubana ule mpira kabla ya kutawadha. Mwanzoni alibana kwa sala moja moja. Baadaye, kutawadha upya kulipomchosha, akawa anabana tangu adhuhuri hadi isha. Nilimwona kwenye safu akitoka jasho, amejikunja, nikadhani ni unyenyekevu. Mungu anisamehe, nilimwonea hata wivu.

Wiki ya tatu homa ikamwangusha, nikampeleka hospitali. Nesi Yusta, binti kutoka kijiji cha Kitahana, Mkristo, alifunua shuka akakiona kile kibanio cha bluu.

"Mzee, nani kaweka hiki? Mkojo unarudi kwenye figo! Unataka kufa?"

"Nataka kusali," Gharibu akasema.

Yusta akakitoa taratibu. "Usiubane tena, baba yangu. Mambo ya sala muulize sheikh wako, mimi siyajui."

Alipotoka, Gharibu alinishika mkono. "Athuman, nikiuachia sina sala, nikiubana sina figo. Nishike lipi?"

Nikabaki nahesabu vigae vya sakafu.

Jioni alikuja Sheikh Ridhiwani wa msikiti wetu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamsikiliza Gharibu hadi mwisho. "Mwenye maradhi hayo husubiri wakati wa sala uingie. Humwaga mfuko, akajisafisha, akatawadha, akasali fardhi yake bila kuchelewa. Kitakachoshuka humo katikati amesamehewa. Fardhi nyingine, udhu mwingine."

"Hata nikiusikia unashuka nimesujudu?"

"Hata ukiusikia."

"Na zile nilizosali nimebana?"

Sheikh akakuna kidevu. "Hizo ngoja kwanza nikatazame kitabu." Kisha akauliza, "Nani aliyekuambia udhu hamna?"

Nilitamani sakafu inimeze. Gharibu akanitazama, macho yake yakakaa usoni pangu.

"Nimesahau, sheikh."

Kwa nini hakunitaja? Hadi leo sijui, na kumuuliza naogopa. Ijumaa iliyopita alirudi safu ya mbele, mfuko uko pajani chini ya kanzu, mpira wazi. Akanivuta mkono nisimame ubavuni pake. Mimi nilikuwa mkavu, nimetawadha mara mbili, na bado safu nzima ilipotoa takbira, yangu haikutoka.